Acheni Dawa

Mama yake Dokta Shubiri alianguka jikoni akiwa ameshika mwiko, na neno la kwanza alilolitoa alipoinuliwa ni kwamba mwanawe asilaumiwe. Dada mkubwa wa Dokta, anayeishi na mama, hakumwelewa mpaka alipofungua kabati na kukuta dawa za presha zimejaa, pakiti hazijafunguliwa.

Dokta alifika mbio. Akamfunga mama mkanda wa kipimo, akatazama namba, akauhamishia mkono wa pili kana kwamba ule wa kwanza ulimdanganya. Mikono yote miwili ilisema lile lile. Kwa presha ile mtu hatakiwi kukaa akiuliza chai iko wapi.

"Mama, mbona umeacha dawa?"

"Si wewe uliyesema tuache?"

"Mimi? Lini?"

Mama akaelekeza kidole ukutani. Karibu na kalenda alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti, na juu ya picha ya mwanawe zilisimama herufi nene kama vidole gumba: ACHENI DAWA!

Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, lakini wa Dokta huyu ulikuwa na meno. Alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali kubwa, na mkono wake ulisifiwa. Kisha siku moja akaandika gazetini kuhusu wodi ya wazazi, jinsi wanawake walivyokuwa wakifa huku madaktari wa zamu wako kwenye zahanati zao binafsi. "Tunasema tumewapoteza," aliandika. "Hatukuwapoteza. Tumewaua." Baraza la madaktari likamwita. Wazee wale hawakuwa wabaya sana. Walimwomba afute neno moja tu, lile la mwisho, arudi kazini kwake. Akagoma. Wakamnyang'anya leseni. Mhariri wa gazeti akampa safu ya kila Jumamosi, wakaiita "Shubiri", na jina likamganda mwenyewe. Nusu ya mji ilimpenda, nusu ilitamani augue ili aone. Na yeye, tuseme ukweli, alizipenda nusu zote mbili.

Safu ile ya ukutani aliiandika kwa nia njema. Watu walikuwa wananunua dawa dukani kama karanga: kikohozi kidogo, vidonge; uchovu, sindano. Aliwakemea wanaomeza dawa wasizoandikiwa. Mhariri, mama mmoja mtulivu wa miwani, alimwambia kichwa kile ni kifupi mno, aongeze maneno mawili matatu kieleweke. Dokta akacheka. Kichwa kirefu, alisema, ni sindano butu. Katika aya ya tano alieleza wazi kwamba wenye presha na kisukari wasithubutu kuacha dawa zao.

"Soma aya ya tano, Mama."

"Macho yangu yanaishia kwenye kichwa. Huko chini ni mchwa watupu."

"Basi nakuambia mimi, kwa mdomo wangu. Meza."

Mama akatikisa kichwa. "Wewe mwanangu unaweza kunibembeleza. Ulikuwa unaniambia umepiga mswaki, kumbe mswaki mkavu. Lakini yule wa gazetini walimtukana, wakamfukuza kazi, na neno lake hakulirudisha. Mtu wa namna hiyo hatanii. Akiandika tumeze, nitameza."

Dada akajaribu kusaga kidonge ndani ya uji. Mama akaonja kijiko kimoja, akamtazama binti yake kwa huruma, akasukuma bakuli pembeni. Dokta alimwomba, akamfokea, akamwomba tena. Ilikuwa kama kulisukuma gari lililofungwa breki.

Basi akaenda kuandika. Chumba cha habari kilikuwa na feni moja iliyolalamika na meza yake ilikuwa karibu na choo, mahali panapomfaa mtu anayegombana na kila mtu. Aliandika safu ndefu yenye kichwa "Ufafanuzi Kuhusu Matumizi Sahihi ya Dawa". Ilikuwa safu safi, isiyokiri chochote. Iliwageuzia wasomaji kibao, kwamba wanasoma vichwa na kuacha viwiliwili. Akampigia mama simu, akamsomea.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Nimemaliza."

"Sasa umesema nini?"

Sauti ya mama ilikuwa nzito, ulimi ukiburuta kidogo mwishoni mwa maneno, na Dokta alijua vizuri maana ya mburuto ule. Woga ukamshika, woga wa mtoto. Kwa miaka yote ile aliamini kwamba kutorudi nyuma ndiyo heshima yake pekee iliyobaki, na sasa heshima hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inamwondoa mama duniani. Akaifuta safu yote. Akaandika upya, na kichwa akakiweka hivi: NILIKOSEA. MEZENI DAWA ZENU.

Mhariri akakisoma mara mbili. "Unajua wale wa baraza watashangilia?"

"Washangilie."

"Na ukishalisema neno hilo mara moja, kila utakaloandika watakuuliza kama na hilo umekosea."

"Mama yangu anasubiri," alisema.

Jumamosi asubuhi alikuwa sebuleni kwa mama kabla wino haujakauka vizuri. Mama akalishika gazeti kwa mikono miwili, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, midomo ikitamka herufi. Kisha akamwambia binti yake alete maji. Akameza. Dokta Shubiri, aliyekuwa amewaliza wakubwa wengi, akaingia chooni akafungua bomba ili asisikike akilia kwa furaha.

Alirudi ofisini mwepesi. Simu zilikuwa zinaita mfululizo, naye alizitarajia. Mmoja alimwita kigeugeu. Mwingine alicheka tu, akakata. Daktari mwenzake wa zamani alimpongeza kwa sauti ya kumkejeli, na hata hilo halikumwuma. Yote yalikuwa mepesi mbele ya mama aliyemeza dawa.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mwanamke.

"Habari za kazi, Dokta."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimesoma gazeti la leo. Nashukuru kwa kusema. Mume wangu alikuwa msomaji wako. Alikuwa na presha. Ile safu ya Acheni Dawa aliikata, akaitia mfukoni, akawa anaonyesha kila mtu."

Dokta alijua kinachokuja. Aliwahi kuwapelekea watu maneno hayo mara nyingi, amesimama kwenye korido, mikono ikinuka sabuni. Hakuwahi kuyapokea.

"Tumemzika wiki iliyopita," mwanamke alisema. "Sikupiga kukulaumu. Nimeona tu ujue."

Aya ya tano ilimjia mdomoni. Ilikuwepo, imechapwa, kila neno sahihi. Akaimeza.

"Aliitwa nani?" aliuliza.

Mwanamke akamtajia jina. Akamtajia na umri, na kazi yake ya ufundi cherehani, na jinsi alivyopenda kusoma kwa sauti wakati mkewe anapika. Dokta alisikiliza. Mhariri alipita akamwashiria kwamba simu ya pili inaita. Hakuinua kichwa.