Moyo wa Fedha wa Shangazi Zelinda

Shangazi Zelinda aliniambia anataka Jumamosi moja ya kuzurura makanisani na makumbusho, taratibu, kama watalii, kwa sababu Jumatatu angefanyiwa upasuaji wa moyo. Nikafurahi. Kumbe mwenzangu ana lake! Tulipofika uwanja wa kanisa kuu akafungua mkoba, akanionyesha moyo wa fedha wenye utepe mwekundu.

"Wa Bikira," akasema.

Hapa kwetu ukibanwa na shida unamwekea Bikira Maria nadhiri, na akikujibu unamtundikia moyo wa fedha kwenye fremu ya picha yake. Lakini unasubiri ujibiwe kwanza.

"Shangazi, mbona unatanguliza?"

"Nikifia mezani nani atampelekea? Wewe? Wewe hata misa huendi."

Ukweli unauma.

Tukaanza na kanisa kuu. Miaka mitano iliyopita Bikira wetu, ile picha halisi ya kale, alitolewa humo akatengenezwe, na aliporudi akapelekwa moja kwa moja makumbusho, mlango wa tatu kutoka kanisani. Kanisa likapewa nakala ya kuchapwa. Siku hiyo watalii walikuwa wamepiga magoti mbele ya nakala, mikono kifuani, wakipigana picha.

"Mtundikie huyu, Zelinda," Padri Evaristo akamwambia. "Neema ni ile ile."

"Hii karatasi, Padri. Wewe ungeshiba kwa picha ya nguruwe wa kuchoma?"

Padri akakohoa, akakumbuka kwamba ana ubatizo.

Tukapita kwa masista kutazama jino la mtakatifu wao. Makanisa mengine sita ya mkoa huu yanalo jino lake. Sijui alikuwa mtu au mamba. Shangazi akaliamkia kwa adabu, akaniambia tusichelewe. Wapi! Saa sita na nusu ilishagonga, na mji wetu saa hiyo hata Mungu anafungiwa mlango mpaka saa tisa. Tukala tambi, tukanywa divai kidogo, shangazi akasinzia kitini huku ameukumbatia mkoba. Nikamtazama anavyopumua, nikaingiwa na hofu kweli kweli.

Saa tisa tukaingia makumbusho. Mimi ndiye mlinzi wa ukumbi wa Bikira. Siku hiyo nilikuwa mapumzikoni, na mwenzangu wa zamu alikuwa bado hajamaliza kahawa yake. Benchini walikaa bibi wanne wakisali rozari kwa kunong'ona, kila mmoja na tiketi yake mkononi. Mishumaa marufuku, kupiga magoti marufuku, na ukivuka mstari mweupe sakafuni king'ora kinalia.

Shangazi akauvuka.

"Shangazi, nitafukuzwa kazi!"

"Fukuzwa tu, mwanangu. Nitakuombea na wewe."

King'ora kikapiga kelele ya kupasua masikio. Bibi wanne wakapandisha sauti ya rozari kukishinda. Shangazi akafunga utepe kwenye msumari wa zamani wa fremu, fundo la kwanza, la pili. Mkurugenzi Tarquini akaingia mbio, leso ya chakula bado shingoni.

"Nani kaweka takataka hiyo?" Akanyoosha mkono aung'oe.

Hapo hasira zikanipanda. Takataka? "Usiguse, Mkurugenzi! Kanuni ya kumi na nne: kitu chochote kilichoshikamana na kazi ya sanaa hakiondolewi bila barua ya wizara kutoka Roma. Si uliiandika mwenyewe?"

Mkono ukaganda hewani. Tarquini si mtu mbaya, ila anaogopa karatasi kuliko jehanamu. Akazima king'ora, akaenda ofisini, akarudi na fomu na kalamu.

"Jina la msanii?" akauliza, bila kututazama.

"Sonara wa pale darajani," shangazi akajibu.

"Kipindi?"

"Jana."

"Madhumuni ya kazi hii?"

Shangazi akaitazama ile fomu. Nilidhani atamrushia neno, maana ulimi wake haujawahi kulala. Akajishika kifua.

"Kuishi," akasema polepole.

Kalamu ikasita. Tarquini akamtazama mara ya kwanza siku hiyo, akavua ile leso shingoni, akaandika neno hilo kama lilivyo.

"Roma watajibu lini?" nikauliza.

"Wakiharakisha, miaka tisa."

"Na katika miaka hiyo haugusi mtu?" shangazi akadakia.

"Haugusi mtu, mama. Ni sheria. Ila mwenye kitu lazima awepo kutia sahihi siku barua ikifika."

Shangazi akamgeukia Bikira, akamnyooshea kidole kama anayemkanya jirani.

"Umemsikia mwenyewe. Lazima niwepo."

Mimi nikalia palepale, nami nimeshauvuka mstari mweupe, na king'ora hakikusema kitu.