Nimeona, Nenda Hospitali

Mimi ni fundi cherehani, na mtaa mzima unaamini ninaona yaliyofichika. Chanzo ni mke wa mwalimu mkuu. Nilimpima gauni, nikatazama daftari langu la vipimo, nikakuta kiuno kimeongezeka inchi mbili tangu gauni la mwisho. Nikampa hongera ya mimba. Kumbe alikuwa hajamwambia hata mumewe! Kufikia jioni nilishakuwa mtabiri.

Nilikana mpaka koo likakauka. Nilifungua daftari, nikawaonyesha tarakimu. "Mnamwona anavyojishusha?" wakaambiana, wakazidi kumiminika. Wengine hawakuleta hata kitambaa, walinyoosha mikono tu wapimwe bahati. Hao niliwatimua na mkasi mkononi.

Muumini wangu mkubwa alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Siku moja alileta sketi nimpunguzie, mara ya tatu ndani ya miezi minne. Kiuno kilikuwa thelathini na mbili, kikawa thelathini, sasa ishirini na saba. Na kula anakula, namjua.

"Nenda hospitali," nikamwambia.

"Ya nini? Mawazo tu haya. Ningekuwa mgonjwa, wewe si ungekuwa umeshaona?"

"Soma daftari basi!"

"Dada, hiyo ni karatasi."

Nikamweleza habari ya inchi, nikapandisha sauti, nikamwita kichwa maji. Akacheka, akaulizia sketi yake. Sasa ningefanyaje? Nikaweka mkasi chini, nikafumba macho, nikatetemesha mikono.

"Nimeona," nikasema kwa sauti nzito iliyonitia aibu mwenyewe. "Nimeona kitanda cheupe. Usipokwenda leo, basi tena."

Alitoka mbio na pini zikiwa bado zimemning'inia kiunoni.

Daktari alikuta uvimbe tumboni. Alisema umewahiwa, ila lazima apasuliwe, na hakuahidi zaidi ya hapo. Mtaani ikawa gumzo kwamba dada mtu aliona kila kitu. Habari ya inchi hakuna aliyeitaja.

Asubuhi ya upasuaji nilikaa wodini kando ya kitanda chake. Shuka zilikuwa za kijani, wala hakujali. Uongo wangu ulinikaba, nikaona heri niutapike.

"Mdogo wangu, siku ile nilikudanganya. Sikuona kitu. Niliogopa tu kukupoteza."

Akanishika mkono. "Mwenyewe hujui unavyoona, dada. Haya, fumba macho uniambie. Nitatoka salama?"

Wauguzi wawili waliokuja kumchukua wakasimama. Na wao walikuwa wanasubiri jibu, wasomi wazima wale.

Nikafumba macho. Palikuwa giza tupu. Nilimpenda mdogo wangu kuliko ukweli wote duniani.

"Nakuona kikongwe," nikasema. "Meno huna hata moja, na bado unanibishia."

Alicheka. Nikasikia magurudumu ya kitanda yakienda, mlango ukafungwa, na mimi sikuthubutu kufumbua macho.