Upepo wa Kusiko na Kituo

Mtaalamu wa hali ya hewa alipofika ofisini alipangusa vumbi kwenye skrini kwa upindo wa mtandio wake, akaanza kazi ya kila siku: kuirudisha kompyuta njiani. Kompyuta hiyo iliigiza hewa ya dunia nzima, mraba kwa mraba, miaka nenda miaka rudi, na ikiachwa bila kuchungwa hupotea kama ng'ombe. Kwa hiyo aliuvuta upepo wake kidogo kidogo, ulingane na ule uliopimwa kweli na maputo ya vituo vya hali ya hewa.

Kwao alikozaliwa hakukuwa na kituo tena. Kilifungwa, mitambo ikahamishiwa jirani na nyumba ya mkuu wake wa kazi. Kule kwao kompyuta ilipuliza itakavyo.

Mdogo wake, kitinda mimba, akapiga simu.

"Dada, upepo umegeuka. Moshi wa jikoni unaingia chumbani kwa mama. Na mvua inaishia kwenye ukuta wa shule, mstari umenyooka kama wa rula."

"Tangu juzi?"

"Tangu juzi. Watu wanasema hali hii imetoka ofisini kwenu."

Akatazama skrini. Ni kweli: kwenye skrini upepo uligeuka vivyo hivyo juzi, na mvua iliishia ukingoni mwa mraba.

Akaenda kwa mkuu. "Kule kusiko na kituo, hewa inaifuata kompyuta."

Mkuu aliendelea kukoroga chai. "Inaifuata vizuri?"

"Haipishani nayo hata chembe. Lakini mwakani kompyuta haina mvua kule, na mama yangu yuko kule. Turudishe kituo, nipate vipimo vya kuivutia kompyuta."

"Kituo cha kusahihisha nini, dada yangu, na kosa hakuna?"

Alirudi mezani, akajaribu kuiandika mvua kwa mkono. Kompyuta ikaikataa, ilipokea vilivyopimwa tu. Basi akampigia mama.

"Mwakani kuna nini, mwanangu?"

"Jua, mama."

"Jua tu?"

"Jua tu."

"Basi tuuze mbuzi sasa, wangali na nyama. Wewe umekula?"

Mwaka uliofuata jua liliwaka, visima vikakauka kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wa kwenye skrini. Mkuu alialikwa kwenye mkutano mkubwa, akaonyesha ramani ya makosa ya kompyuta. Dunia nzima ilikuwa na madoa mekundu, isipokuwa mraba mmoja mweupe, ule wa kusiko na kituo, safi kabisa. Wageni wakaupigia makofi.