Njia ya Farasi wa Maziwa

Kwa miaka miwili mratibu wa mradi alichora njia ya watalii wapanda farasi akiwa kwenye kiti cha ofisini, maana farasi wenyewe aliwaogopa kama chui. Siku ya uzinduzi, mbele ya mkurugenzi na wageni, ilibidi ajikaze kisabuni na kuongoza msafara.

Farasi wake alikipita kibao cha kwanza cha kuonyesha njia kana kwamba hakukiona, akakata kushoto, akasimama kwenye geti la mama mmoja. Wengine wakamfuata. Mratibu alivuta hatamu, akabembeleza, akatukana kimoyomoyo. Wapi!

"Msimlaumu," mama yule alicheka. "Huyu alivuta mkokoteni wa maziwa miaka tisa. Hapiti geti la mteja bila kusimama. Shukeni basi, mnywe chai."

Wakanywa chai kwenye mageti saba, na wageni wakafurahi kupita kiasi. Vibao ishirini vya mratibu havikuonwa na mtu.

"Ubunifu wa hali ya juu!" mkurugenzi, aliyebaki akiwasubiri, alimpongeza waliporudi. "Njia hii umeipangaje?"

Mratibu alimtupia farasi jicho. "Nilimshirikisha mdau mmoja mzoefu wa eneo hili."

Lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilowahi kusema kuhusu mradi ule.