Divai ya Baba Nestani

Mimi nilimwambia. Nilimwambia jikoni, nikamwambia shambani, nikamwambia tena mbele ya mama yake mzazi: "Jumberi, divai haisafiri na jua la Julai. Mkwe kakubali lori lake la jokofu lipite hapa bure. Mpe."

Akanitazama utadhani nimemwambia avae gauni langu.

"Divai ya harusi ya binti yangu ipakiwe pamoja na jibini la Valiko? Kakheti yetu nzima itanicheka."

"Watacheka wiki moja wachoke. Ikiharibika je?"

"Mama Nestani, wewe pika. Divai niachie."

Haya. Nikamwachia.

Nestani ndiye mtoto wetu pekee, na alikuwa anaolewa mbali, mkoa wa Imereti, na mtoto wa huyo Valiko mfanyabiashara wa jibini. Tangu vuli iliyopita, Jumberi alipoziba kwa udongo mtungi wetu mkubwa uliozikwa ardhini, aliapa kwamba haufunguliwi hata afe mtu, mpaka harusi ya binti yake. Akaapa pia mbele ya wakwe kwamba meza yao haitaona divai nyingine. Sasa Waimereti wana midomo, na wao husema divai yetu sisi ni nzito kama maneno yetu. Bibi harusi ambaye baba yake kaleta divai mbovu angelisikia neno hilo kila siku ya maisha yake. Hilo nililijua, na Jumberi alilijua kuliko mimi.

Tuliondoka alfajiri sisi wawili, Nestani angekuja na msafara wa bwana harusi. Madumu ya kioo aliyajaza hadi mdomoni, mimi nalia na nafasi ya kidole kimoja tu, divai ikipata joto ipate pa kuvimbia. "Zawadi pungufu ni tusi," akasema, akagongelea vizibo. Akayafunika mablanketi yaliyoloweshwa maji ya kisima. Nisimwonee, mpango ulikuwa mzuri: tufike kabla jua halijakaza. Njiani alikuwa anaimba.

Tulipofika Kartli, katikati ya safari, mlimani hatujaanza kupanda, Jumberi akapunguza mwendo. Badri, rafiki yake wa tangu jeshini, anakaa pale pale kando ya barabara, na baba yake Badri alifariki majira ya baridi. Sisi mazikoni hatukwenda, theluji ilikuwa imefunga njia.

"Siwezi kupita mlango huu bila kumnywea marehemu," akasema.

"Glasi moja," nikasema.

"Glasi moja."

Glasi moja! Nani duniani alimnywea marehemu glasi moja akaachiwa aende? Badri alitoka mbio, akalia begani kwa mume wangu, na kabla sijavua kitambaa meza ilikuwa imetandikwa chini ya mti wa mjozi: kuku, jibini, mkate wa moto. Kivuli chote kililiwa na meza. Gari letu lilibaki nje ya lango, uso kwa uso na jua.

Nikamvuta Jumberi kando. "Kuna ghala la chini pale, baridi inatoka hadi mlangoni. Tushushe madumu."

"Umerukwa na akili? Divai ikishaingia nyumba ya rafiki, tena yenye msiba, unaitoaje bila kuimimina? Nikiiingiza humu, ni ya humu."

Na ni kweli. Hata mimi nisingethubutu. Divai haiingii nyumba ya mtu ikatoka kama ilivyoingia, hiyo kwetu ni sawa na kumtemea mate.

Basi nikaomba maji nikamwagie mablanketi. Mke wa Badri akacheka, akanishika mkono. "Keti, shoga yangu. Unalinda gari kama kuna mtoto mchanga ndani." Wanawake wote wakacheka. Nikaona haya, nikaketi. Sikutaka niwe yule mke anayemburuta mumewe mezani siku ya kumbukumbu ya wafu. Wakamnywea baba yake Badri, wakamnywea mama yake, wakawanywea wafu wa jeshini, kisha watoto, ili meza isiishie kwa wafu. Kila glasi na hotuba yake. Nilipoligusa gari tunaondoka, niliungua kiganja.

Kilometa zile zilizobaki Jumberi hakuimba. Vizibo vilianza kulia nyuma yetu, pa, kimoja, kisha pa, na harufu ikaja. Madirisha tuliyafungua yote.

Uani kwa Valiko wanaume walikuwa wakipanga viti. Jumberi alifungua mlango wa nyuma, divai ikamchuruzikia viatuni. Akakinga kikombe chini ya dumu, akaonja, akatema. Akajaribu la pili. La tatu akalionja na kulimeza, nadhani kwa kujiadhibu. Kisha akakaa kwenye ukingo wa gari, mtu mzima na suti yake mpya imeloa mapajani.

Valiko akaja, akaonja na yeye. Nilimsubiri aseme neno la lori. Hakulisema, na ingekuwa nafuu angelisema.

"Imepikika," alisema polepole. "Mkwe, ondoka juani. Ninayo divai ya kwenu Kakheti ghalani, niliinunua kwa ajili ya wageni. Rangi ni hii hii. Itakaa mezani kwa jina lako."

"La. Nitasimama niseme kweli."

"Umwambie nani? Binti yako anaingia kwangu leo. Mimi ni mtu mwema, mke wangu ni mtu mwema, lakini dada zangu nawajua, nimezaliwa nao."

Jumberi akaniangalia. Nami nikainamisha kichwa: kubali.

Karamuni Valiko alisimama, akainua jagi mbele ya watu wote. "Hii ni divai ya mkwe wangu. Kaitoa kwenye mtungi wake, kaileta kwa mikono yake." Watu wakanywa, wakatazamana, wakanywa tena. Ilikuwa divai nzuri. Laiti ingekuwa mbaya kidogo!

Mwongozaji wa karamu akaita: "Mwenye divai asimame, atueleze aliilea vipi!"

Ndiyo desturi. Na hapo nikaona tulipojifungia: Jumberi akisema kweli sasa, Valiko ndiye atakayekuwa mwongo mbele ya ukoo wake, kwa kosa la kutuhurumia. Mume wangu akainuka. Akaeleza shamba letu, mvua ya mawe tuliyoiponea chupuchupu, usiku alipolala ghalani akiusikiliza mtungi unavyochemka. Kila neno lilikuwa kweli, ila halikuwa la divai ile. Sauti ilimkatika, na watu wakadhani ni uchungu wa kumwoza binti. Mwanamume mmoja akafuta machozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti changu.

Shangazi mmoja wa bwana harusi, mdomo kama wembe, akamsogezea Nestani glasi. "Bibi harusi, hebu onja wewe. Baba yako hatudanganyi huyu?"

Wakacheka, ulikuwa utani tu. Lakini Nestani anaijua divai yetu hata ukimfumba macho. Akaonja. Nikaona mkono wake umesimama. Akamtazama baba yake, baba yake akatazama sahani. Akanitazama mimi.

Mtoto yule hajui kusema uongo. Alipokuwa mdogo akivunja kikombe alikuja mwenyewe na vipande mkononi, na mimi nilijivunia hilo mbele ya majirani.

"Ni yetu, shangazi," alisema, anatabasamu. "Ni yetu kabisa."

Karamu nzima ikapiga makofi. Na mimi nikapiga.