Tume ya Neno Mkono

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa Masakta kwamba leo, tarehe kumi Desemba 1974, imeundwa Tume ya Kuchunguza Neno "Mkono". Mwenyekiti ni mimi, Urban Sulle, mwanafunzi wa kidato cha pili. Katibu ni mimi pia, kwa sababu dada yangu Fabiola alisema ana kuni za kuchanja.

Kusema kweli ilikuwa kazi ya likizo. Mwalimu wa Kiswahili alitaka tuchague neno moja na kuwauliza watu wa kazi mbalimbali maana yake. Muhuri haukuwemo kwenye maagizo. Huo niliuchonga kwa kiazi, kama tunavyofanya bwenini tukihitaji ruhusa ya kwenda mjini.

Muuguzi wa zahanati, aliyeletwa kutoka Tanga, alisema mkono unaanzia begani.

"Na kwetu kuna mkono wa Idi, zawadi ya watoto," akaongeza. Kisha akaliangalia daftari. "Unamwandikia nani?"

Joakimu, fundi cherehani, aliinua shati lililokatwa upande mmoja. "Mkono ndio huu unaokosekana. Na hilo daftari ni la nani?"

Nilisema ni la mwalimu. Hakuna aliyeniamini. Mwaka ule watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na kabla ya lori alitangulia mtu mwenye daftari.

Dionis seremala alinieleza kwamba kwake mkono ni kipimo, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Chumba kizuri, alisema, ni mikono kumi na minne. Nikataka kuhakikisha. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Bernadina, mjane, aliyojengewa na marehemu mumewe. Nikaanza kuupima ukuta kwa mkono wangu.

Nilipomaliza, alitoka ndani taratibu, macho yake kwenye daftari langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Tume."

"Tume ya nini?"

Nilifungua daftari, nikapiga muhuri, nikaondoka kwa mwendo wa bwana shauri wa enzi za ukoloni.

Asubuhi iliyofuata nusu ya paa lake ilikuwa chini. Mama Bernadina alikuwa juu ya ngazi akichomoa miti, aihamishe yeye kabla haijavunjwa na wengine. Mawingu ya mvua yalikuwa yameshaufunika mlima Hanang. Mzee Hhando, balozi wetu wa nyumba kumi, alisimama chini akimsihi ashuke.

"Sina habari ya lori lolote, Bernadina."

"Wewe utaambiwa mwisho. Nyumba imepimwa, na muhuri nimeuona."

Mzee Hhando akaniita, akachukua daftari. Aliulizia kila ukurasa, nami nikajibu kwamba muhuri nilipewa shuleni. Akausogeza karibu na macho.

"Shule gani hii yenye alama ya mbuzi?"

"Ni twiga, mzee," nikasema.

Mama Bernadina akaacha kuchomoa.

"Umejuaje?" akauliza Mzee Hhando.

"Nimeuchonga mimi. Ni kiazi."

Mama Bernadina alishuka ngazi moja moja, akasimama mbele yangu. "Ulikuwa unapima nini kwangu?"

"Neno la shule, mama. Hakuna anayekuhamisha." Ningeweza kuishia hapo. "Lakini nilikuwa nimeshamaliza kupima. Muhuri niliupiga baada ya kuona unaniogopa. Nilipenda kuogopwa."