Sindano Iliyovuka Ikweta

Mzee hakuwa mtu wa kudai. Miaka arobaini alishona matanga ya vyombo vya watu kwenye kibanda cha bati nyuma ya gati, yeye na mkewe, mmoja upande huu wa turubai, mwingine upande ule, wakipokezana sindano moja na kutaniana kutwa. Matanga yao yalizunguka dunia. Wao wenyewe hawakuwahi kutoka hata nje ya bandari. "Iko siku tutakwenda kuiona hiyo ikweta wanayojisifia wateja," mkewe alikuwa akisema. Hakwenda. Alipozidiwa na ugonjwa alimwachia mumewe ile sindano, akamwambia, "Ukifika kwenye hiyo sifuri ya ikweta, itupe majini. Nitajua umefika."

Kwa hiyo mtoto wao, ambaye kazi yake ni kupeleka yoti za matajiri kutoka bandari moja hadi nyingine, alipopata safari ya kuvuka ikweta, alimchukua baba yake. Siku ya kwanza tu mzee alichomoa kopo la pipi mfukoni, akalitikisa, sindano ikalia ndani.

"Nahodha mkubwa," akamtania, "sifuri zikikaribia niamshe, hata kama naota nimekuwa waziri."

"Baba nawe! Nikuache ulale siku kama hiyo? Nina wazimu?"

Basi sikiliza wazimu wenyewe. Siku ya kumi na moja upepo uliwashika vizuri mgongoni. Mzee alikuwa amekaa zamu tangu alfajiri. Akala, akajinyoosha kitandani, akaanza kukoroma. Saa nane mchana namba za kwenye skrini, za umbali wa ikweta, zikawa zinapungua. Zimebaki maili tatu, mbili, moja. Mwanawe akasogea, akaweka mkono kwenye mlango wa chumba. Akamwona baba yake, mdomo wazi, kopo liko kifuani. Hapo hapo akamkumbuka mwenye yoti, alivyosisitiza wafike Jumamosi kabla ya saa sita, ofisi ya bandari haijafungwa. Akimwamsha, mzee atataka tanga lishushwe, chombo kisimame, aseme maneno yake, alie kidogo. Saa nzima itakwenda hivyo, pengine na upepo nao.

"Amechoka, maskini," akajiambia. "Acha alale."

Huruma gani hiyo, jamani! Uongo mtupu, na mwenyewe alijua. Sifuri zikajipanga zote kwenye skrini, zikakaa kidogo, zikaondoka.

Mzee aliamka saa kumi na moja na robo. Akaangalia skrini, akavaa miwani, akaangalia tena.

"Tumepita?"

"Maili kumi na tisa, baba. Ulikuwa umelala vizuri, nikakuonea huruma."

"Na kurudi?"

"Upepo utatupiga usoni. Tutahangaika mpaka kesho asubuhi, na Jumamosi ndiyo hiyo..."

"Haya. Haidhuru." Akarudisha kopo mfukoni.

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Hakumgombeza. Ila tangu hapo alimwita "nahodha" bila utani wowote, kama wanavyomwita watu wasiomjua, na hilo lilimchoma mwanawe kuliko tusi.

Ijumaa walijiandaa kufika. Mzee alisugua sitaha, akaning'iniza mipira ya kukinga ubavu, akazikunja kamba za kufungia gatini, akaweka pasipoti zote mbili mezani. Machungwa yaliyobaki wakayala yote, maana watu wa forodha wangeyatupa. Jioni mwanawe akapiga kelele, "Nchi hiyo, baba! Nchi kavu!"

"Naiona, nahodha," mzee akajibu, akaendelea kusugua.

Jumamosi saa nne asubuhi wakaita kwa redio. Sauti yenye usingizi ikawajibu kwamba mtandao wa ofisi umekufa tangu jana. Watie nanga huko huko nje, wapandishe bendera ya njano, wala mtu asishuke mpaka Jumatatu.

Mpaka Jumatatu! Nahodha wetu akakirudisha kipaza sauti mahali pake, akakaa. Siku mbili nzima za kuitazama nchi kavu, na yeye alimnyima baba yake saa moja.

Bendera ya njano, ile ya kuombea ruhusa ya kuingia nchi ya watu, ilikuwa imechanika pindoni. Mzee akaketi karibu na usukani, akafungua kopo, akatoa sindano ya mkewe. Uzi ulimkataa mara mbili, mara ya tatu ukaingia. Akaanza kushona.

"Unaona?" akasema. "Ingekuwa chini ya bahari saa hizi, tungeshonea nini?"

Alitaka kumfariji, na ndipo mwanawe akashindwa kujikaza. Machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake.

"Nisamehe, baba. Sikukuonea huruma wala nini. Nilikuwa na haraka zangu."

"Najua, mwanangu." Akakata uzi kwa meno.

"Wiki ijayo unarudi nyumbani kwa ndege. Utapita juu ya ikweta pale pale. Nitamwomba mhudumu akuamshe."

Mzee akairudisha sindano ndani ya kopo, akakibana kifuniko kwa kidole gumba.

"Madirisha ya ndege hayafunguki," akasema, akampa bendera aipandishe.